Mwongozo kamili: jinsi ya kutafiti tabaka, siasa na utambulisho katika historia ya karibuni ya Uingereza

Wanafunzi wengi wanaochukua mada hii hukwama mahali pamoja. Wanaanza na kichwa kipana, tuseme "Tabaka la wafanyakazi Uingereza katika karne ya 20". Wanakusanya vitabu, wanajaza sura ya kwanza kwa fasili za istilahi, halafu sura ya pili inakauka. Msimamizi anarudisha rasimu akiuliza: hoja iko wapi, na ushahidi uko wapi?

Uwezo wanao. Kinachowaangusha ni kuanza na maneno makubwa wakidhani ushahidi utakuja wenyewe. Tabaka, siasa na utambulisho huonekana vizuri pale watu wanapolazimika kuchagua upande, na uchaguzi huo ukawagharimu kitu. Basi njia ninayoifundisha hapa ni hii: tafuta tukio moja la namna hiyo, kisha fuata karatasi za kila upande.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni mgomo wa Grunwick, London, wa 1976 hadi 1978. Nimeuchagua kwa sababu wagomaji wengi walikuwa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana mlango wa kuingilia ambao hata watafiti wengi wa Uingereza hawana. Kama mada yako ni mgomo wa wachimba makaa wa 1984–85 au ghasia za kodi ya kichwa za 1990, hatua ni zilezile.

## Vitu utakavyohitaji

- Kompyuta, au simu yenye uwezo wa kufungua PDF kubwa. Andaa bando la kutosha, kwa sababu faili za nyaraka zilizopigwa picha ni nzito.
- Akaunti kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, magharibi mwa London. Kujiandikisha ni bure.
- Tovuti ya Hansadi ya Bunge la Uingereza. Ni bure, na unaweza kutafuta kwa neno na kwa tarehe.
- Kadi ya maktaba ya chuo. Muulize mkutubi chuo kinalipia hazina zipi za majarida. Mara nyingi zipo na hakuna anayezitumia. Kama huna chuo, JSTOR ina akaunti ya bure ya kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo. Iweke siku ya kwanza.
- Daftari moja la tarehe. Nasema daftari la karatasi, na sababu utaiona hatua ya 2.
- Barua ya maadili ya utafiti kutoka chuoni, ikiwa utahoji watu.

Tenga muhula mzima. Kuandika hakuchukui muda kama kusubiri majibu ya barua pepe kutoka kwenye hifadhi za nyaraka.

## Hatua ya 1: Chagua tukio lenye lango

Tukio zuri lina mahali, tarehe, na kitu ambacho watu walikikubali au walikikataa waziwazi. Grunwick ina vyote. Ilikuwa kampuni ya kusafisha filamu za picha huko Willesden, kaskazini-magharibi mwa London. Wateja walituma filamu zao kwa posta na kurudishiwa picha kwa posta. Shika jambo hilo la posta, kwa sababu ndilo lililoamua nguvu ya kila upande.

Agosti ni msimu wa likizo, filamu zinamiminika, na kiangazi cha 1976 kilikuwa na joto kali lisilo la kawaida. Ijumaa ya tarehe 20 Agosti, kijana aitwaye Devshi Bhudia alifukuzwa kwa madai ya kufanya kazi polepole. Siku hiyohiyo Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa ameishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, aliamriwa kufanya ovataimu wakati anajiandaa kwenda nyumbani. Akatoka. Waliotoka walifika 137 kati ya wafanyakazi karibu 490. Walijiunga na chama cha wafanyakazi cha APEX, na mwanzoni mwa Septemba kampuni ikawafukuza wote.

Lango la kiwanda ndilo lililowalazimisha watu kuchagua. Unaingia au unabaki nje? Unapeleka barua zao au unaziacha? Kila jibu liliacha karatasi.

Tahadhari: Usichague tukio kwa sababu ni maarufu tu. Kama huwezi kutaja angalau pande tatu zilizoandika mambo yao wakati uleule, tafuta tukio jingine.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu tukio lako kwa sentensi nne bila kutamka neno "tabaka" wala "utambulisho".

## Hatua ya 2: Jenga kalenda kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote

Fungua daftari. Upande wa kushoto andika tarehe, kulia andika kilichotokea na nani kakisema. Nasisitiza mkono na karatasi kwa sababu kunakili na kubandika kwenye kompyuta kunakufanya uamini tarehe ambazo hujazilinganisha.

Kalenda ya Grunwick, kwa ufupi, ingekuwa hivi:

- 20 Agosti 1976: wafanyakazi wa kwanza wanatoka.
- Machi 1977: ACAS, shirika la serikali la usuluhishi wa migogoro ya kazi, linapendekeza kampuni ikitambue chama.
- Mei 1977: mawaziri watatu wa serikali ya Labour, Shirley Williams, Fred Mulley na Denis Howell, wanasimama langoni pamoja na wagomaji.
- Juni na Julai 1977: umati mkubwa langoni, wakiwamo wachimba makaa kutoka Yorkshire. Wafanyakazi wa ofisi ya posta ya Cricklewood, jirani na kiwanda, wanakataa kugusa barua za kampuni.
- Agosti 1977: tume ya Jaji Scarman inapendekeza wagomaji warudishwe kazini na chama kitambuliwe. Kampuni inakataa.
- Novemba 1977: baadhi ya wagomaji, Desai akiwamo, wanagoma kula nje ya makao makuu ya TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Chama chao wenyewe kinawasimamisha uanachama.
- 14 Desemba 1977: majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule, wanabatilisha ripoti ya ACAS.
- 14 Julai 1978: mgomo unafungwa. Wagomaji hawakupata walichokidai.

Sasa ongeza safu ya tatu: nini kilikuwa kinaendelea nje ya lango? Machi 1977 serikali ya Waziri Mkuu Callaghan, wa Labour, ilikuwa imeingia makubaliano na chama cha Liberal ili isianguke bungeni. Weka jambo hilo kando ya tarehe za Juni na utaanza kuelewa woga wa mawaziri, ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanapigwa picha langoni.

Utajua umefaulu kalenda itakapokuonyesha pengo usiloweza kulieleza. Hapa pengo ni Novemba: kwa nini chama kiwaadhibu wanachama wake waliokuwa wanapigania chama? Pengo hilo ndilo mbegu ya swali lako.

## Hatua ya 3: Andika swali linaloweza kushindwa

Swali zuri ni lile ambalo nyaraka zinaweza kulijibu "hapana". "Wahamiaji walibaguliwaje Uingereza?" haliwezi kushindwa, utapata mifano popote utakapogeuka. Linganisha na hili: "Kati ya Agosti 1976 na Julai 1978, viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliuona mgomo wa Grunwick kama mgogoro wa haki ya kujiunga na chama au kama mgogoro wa ubaguzi wa rangi, na mtazamo huo uliathiri vipi msaada walioutoa?"

Lina watu maalumu, lina muda, lina majibu mawili yanayogombana. Tena linagusa maneno yako matatu makubwa yote bila kuyapigia kelele.

Tahadhari: Ukiona swali lako lina "kwa kiasi gani" pamoja na miaka 100, umerudi pale ulipokwama.

## Hatua ya 4: Orodhesha pande, kisha uliza kila mmoja aliacha karatasi wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha tasnifu na muhtasari wa vitabu.

Serikali. Nyaraka zake ziko Kew. Faili za ofisi ya Waziri Mkuu za 1974–1979 ziko kwenye mfululizo wa PREM 16. Kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri ziko CAB 128 na karatasi zilizowasilishwa vikaoni ziko CAB 129. Hizi mbili kwa kipindi hiki zimewekwa mtandaoni na unazipakua bure. Karatasi za 1977 zilifunguliwa baada ya miaka 30, kwa kanuni ya zamani. Siku hizi muda umepunguzwa hadi miaka 20.

Vyama vya wafanyakazi. Modern Records Centre, katika Chuo Kikuu cha Warwick, Coventry, inahifadhi nyaraka za TUC. Maktaba ya TUC yenyewe iko London Metropolitan University, yenye vipeperushi na picha. Karatasi za chama cha Labour ziko People's History Museum, Manchester.

Kampuni na marafiki zake. George Ward, mwenye kampuni, ambaye naye alikuwa na asili ya India, aliungwa mkono na National Association for Freedom, kundi la mrengo wa kulia. Watu wa kundi hilo waliitoa mizigo ya picha kiwandani usiku, Julai 1977, wakaitumbukiza kwenye masanduku ya posta sehemu mbalimbali za nchi ili kukwepa wale wa Cricklewood. Bungeni sauti yao ilikuwa John Gorst, mbunge wa chama cha Conservative. Nyaraka za chama hicho ziko maktaba ya Bodleian, Oxford.

Wagomaji. Hawa ndio wenye karatasi chache, na ndio wengi wenu mnaotaka kuwaandika. Tafuta vipeperushi vya kamati ya mgomo, hifadhi ya nyaraka ya Brent, eneo la London ilimokuwa Grunwick, na mahojiano yaliyorekodiwa miaka ya baadaye.

Waliobaki ndani. Zaidi ya theluthi mbili ya wafanyakazi hawakutoka. Wengi wao walikuwa Wahindi pia. Ukiwasahau, hoja yako yote kuhusu utambulisho itaanguka, kwa sababu utakuwa unasema Wahindi waligoma kwa kuwa ni Wahindi, huku Wahindi wengine wakipita langoni ndani ya basi la kampuni.

Kumbuka pia kwamba Scotland ina hifadhi yake ya taifa, Edinburgh, na Ireland ya Kaskazini ina yake, Belfast. Mada yako ikiwa ni ujenzi wa meli wa mto Clyde, Scotland, usipoteze wiki nzima ukitafuta Kew.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali ambalo kila upande una angalau chanzo kimoja ulichokifungua kwa mkono wako. Jina la chanzo peke yake halihesabiki.

## Hatua ya 5: Tafuta kwenye katalogi kwa lugha ya wakati ule

Wengi huandika "identity" kwenye katalogi, wanapata takataka, wanakata tamaa. Makarani wa 1977 hawakupanga faili kwa neno hilo. Walipanga kwa jina la kampuni, jina la sheria, jina la idara. Tafuta "Grunwick" peke yake, weka kikomo cha miaka 1976 hadi 1978. Halafu tafuta "picketing", "industrial relations", "Commonwealth immigrants".

Utalazimika pia kutumia maneno yanayoudhi leo. Nyaraka za miaka ya 1950 na 1960 zimejaa "coloured workers". Yatafute. Ukiyanukuu, yanukuu kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu. Maneno yako mwenyewe yabaki ya heshima.

Ukipata namba ya faili, iandike yote: herufi za idara, namba ya mfululizo, mkwaju, namba ya faili. Bila hiyo hakuna mhifadhi atakayekusaidia.

Kama huwezi kusafiri, mwandikie mhifadhi barua pepe fupi yenye namba ya faili, tarehe unazozihitaji, na swali moja. Usimweleze historia ya maisha yako wala usimwombe "kila kitu kuhusu mgomo". Mwenye swali moja hujibiwa haraka. Ukisafiri hadi Kew, jiandikishe kabla, beba vitambulisho na penseli, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi. Kupiga picha nyaraka kwa simu yako ni bure, bila mwanga wa flashi.

Tahadhari: Piga picha jalada la faili kabla ya kurasa za ndani. Picha 200 za kurasa zisizo na namba ya faili hazina kazi kwenye tanbihi.

## Hatua ya 6: Soma waraka mmoja mara tatu

Chukua kesi ya ACAS. Ukiisoma mara ya kwanza, unaona habari: majaji wamebatilisha ripoti. Wanafunzi wengi huandika hivyo na kuongeza kwamba sheria ilikuwa upande wa matajiri. Huenda, lakini bado hujasoma.

Mara ya pili, uliza sababu iliyotolewa. Sheria ya ajira ya 1975 iliitaka ACAS ipate maoni ya wafanyakazi wanaohusika kabla ya kupendekeza chama kitambuliwe. ACAS iliwafikia wagomaji, kwa kuwa chama kilikuwa na anwani zao. Waliobaki ndani haikuwafikia, kwa sababu kampuni ilikataa kutoa majina na anwani. Majaji wakasema: maoni ya wengi hayakupatikana, ripoti haina nguvu.

Mara ya tatu, uliza waraka unamficha nani. Sheria iliwapa wafanyakazi haki ya kusikilizwa, na mwajiri akaitumia haki hiyohiyo kuwafungia wagomaji njia kwa kunyamaza tu. Na wale wa ndani, ambao kesi nzima iligeuka juu ya maoni yao, hawazungumzi wenyewe kwenye hukumu. Hapo umepata aya yenye hoja, na imetoka ndani ya waraka wenyewe.

Fanya vivyo hivyo na picha. Iko picha maarufu ya Desai: mwanamke mfupi, koti zito, mkoba mkononi, mbele yake safu ya polisi warefu. Magazeti yalipenda kuwaita wagomaji hawa "strikers in saris". Angalia nani alipiga picha, ilichapishwa wapi, siku gani, na habari gani kando yake. Kisha linganisha na picha ya Juni 1977 ya polisi aliyelala chini akivuja damu baada ya kupigwa chupa kichwani. Baada ya picha ile magazeti mengi yaliandika kuhusu vurugu, na mshahara ukapotea kurasa za ndani. Ukilinganisha gazeti la mrengo wa kushoto na la mrengo wa kulia siku moja kabla na siku moja baada, utaliona badiliko lenyewe likitokea.

Nukuu maarufu pia ihojiwe. Desai anakumbukwa kwa kumwambia meneja kwamba mahali pale hapakuwa kiwanda bali bustani ya wanyama, yenye nyani wanaocheza kwa amri na simba wanaoweza kukung'oa kichwa, "na sisi ndio simba hao". Ni maneno mazito. Kabla hujayaweka juu ya sura yako, tafuta ni lini yalianza kuandikwa na nani aliyeyasimulia. Maneno yaliyosimuliwa baadaye yana thamani, ila ni ushahidi wa namna mgomo ulivyokumbukwa zaidi kuliko wa kilichosikika chumbani siku ile.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi inayoanza "Waraka huu hautaji…" na ukaeleza kwa nini.

## Hatua ya 7: Pima tabaka kwa takwimu, ukijua mizani imepinda wapi

Hapa ndipo ninapoona makosa mabaya zaidi.

Tangu 1911 takwimu rasmi ziligawa watu katika matabaka kwa kazi wanazofanya. Mpangilio huo ulitumika, na marekebisho, hadi ulipobadilishwa kwa sensa ya 2001. Tatizo lake kubwa kwa mada yetu ni kwamba mwanamke aliyeolewa mara nyingi alihesabiwa kwa kazi ya mumewe. Mama anayesimama kwa muda wa saa nane kwenye mashine ya picha anaweza kuonekana kwenye jedwali kama mke wa karani. Ukiandika juu ya wanawake wa Grunwick kwa kutegemea majedwali hayo, unaandika juu ya waume zao.

Kisha liko suala la tabaka lililosafiri. Familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zilikuwa za wenye maduka, makarani, walimu na mafundi. Mwanamke ambaye Dar es Salaam hakuwahi kufanya kazi ya mshahara alijikuta Willesden akilipwa pesa ambayo vyanzo vingi huitaja kuwa pauni 28 kwa wiki ya saa 40. Ni tabaka la wafanyakazi? Kwa kazi, ndiyo. Kwa alivyojiona, soma anavyosema mwenyewe. Na baadhi ya wale 137 walikuwa wanafunzi wa kazi za likizo. Usiwasukumie wote ndani ya kapu moja ili sentensi yako ipendeze.

Ukitaja mshahara, ulinganishe sawasawa: mwaka uleule, jinsia ileile, kazi inayofanana. Serikali ilikuwa ikichapisha kila mwaka uchunguzi wa mishahara, New Earnings Survey, wenye mgawanyo wa wanaume na wanawake. Ukienda nyuma ya Februari 1971, kumbuka pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12.

Sensa nayo ina mitego. Swali la kabila liliulizwa kwa mara ya kwanza 1991. Kabla ya hapo utakuta mahali pa kuzaliwa tu. Mtu wa sensa ya 1971 aliyezaliwa Kenya anaweza kuwa Mhindi wa Nairobi, au mtoto wa mlowezi Mwingereza aliyerudi kwao. Ile ya 1971 iliuliza pia wazazi walizaliwa wapi, jambo linalosaidia kiasi, lakini familia iliyozaa vizazi viwili Mombasa bado itakuponyoka.

Fomu za watu binafsi hufungwa miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Za 1931 kwa England na Wales ziliungua 1942, na 1941 sensa haikufanyika kwa sababu ya vita. Usiandike pendekezo la utafiti linalotegemea fomu ambazo hazipo.

## Hatua ya 8: Fuata njia ya kutoka Afrika Mashariki, na hoji watu kwa heshima

Watafiti wengi wa Uingereza huanza hadithi uwanja wa ndege wa Heathrow. Wewe unaweza kuanza mapema zaidi, na hapa una faida ya kweli.

Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Nairobi. Tafuta athari za sheria za Kenya za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara, na za utaifishaji wa majengo Tanzania, 1971. Weka pembeni sheria ya Uingereza ya 1968, iliyopitishwa bungeni kwa siku tatu tu ili kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Kisha amri ya Idi Amin ya Agosti 1972. Septemba mwaka huo halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, iliweka tangazo kwenye Uganda Argus, gazeti la Kampala, ikiwasihi watu wasiende Leicester. Waraka huo wa historia ya Uingereza ulichapishwa Afrika Mashariki, na Waafrika Mashariki ndio waliokuwa wasomaji wake.

Kwenye mahojiano, Kiswahili ni ufunguo. Leicester, Harrow na Brent wapo wazee waliokulia Mwanza, Tanga au Mombasa wanaokisema hadi leo. Anza na shikamoo, mwite mama au mzee, kunywa chai. Usitoe kinasa sauti kabla hujaeleza utafiti na kupata ridhaa ya maandishi. Usiulize "Ulijiona wa tabaka gani?" Uliza siku ya kwanza kazini ilikuwaje, nani alikaa karibu naye, mshahara wa kwanza aliufanyia nini, siku ya mgomo nyumbani walisema nini. Tabaka litatoka lenyewe kwenye majibu hayo.

Tahadhari: Kuna mambo ya Afrika Mashariki mzee anaweza kukuambia usiyopenda kuyasikia, kuhusu watumishi wa ndani, kuhusu Waafrika dukani, kuhusu mali iliyochukuliwa. Yaandike. Mtu aliyedharauliwa Willesden anaweza kuwa alidharau wengine Kariakoo, na utafiti wa utambulisho usioweza kubeba yote mawili haujakamilika.

## Hatua ya 9: Linganisha na tukio moja tu

Mei 1974 wafanyakazi wa Kihindi, wengi kutoka Afrika Mashariki, waligoma kwenye kiwanda cha Imperial Typewriters, Leicester. Walilalamikia bonasi na namna wawakilishi wa chama walivyochaguliwa. Chama chao, TGWU, hakikuwaunga mkono. Miaka mitatu baadaye wachimba makaa wa Yorkshire walipanda mabasi kwenda Willesden kusimama na wanawake wa Kigujarati.

Usikimbilie kusema kwamba Waingereza walibadilika. Leicester wagomaji walikuwa wanakilalamikia chama chenyewe. Grunwick walikuwa wanaomba kuingia chamani. Dai la pili mwanachama Mzungu angeweza kuliona kama lake bila kulazimika kuutazama ubaguzi uliokuwa ndani ya nyumba yake. Binafsi naamini tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko kubadilika kwa mioyo, na inaeleza pia lile pengo la Novemba 1977: dai lilipogeuka kuwa lawama dhidi ya TUC, adhabu ilifuata. Lakini usinikubali kwa maneno tu, ipime kwa kumbukumbu za TUC za miezi ile.

Tukio moja la kulinganisha linatosha. Ukiongeza la tatu, yote matatu yatakuwa membamba.

## Hatua ya 10: Andika kwa kufuata uchaguzi

Acha ule mpangilio wa sura ya tabaka, sura ya siasa, sura ya utambulisho. Mambo haya matatu yalikuwa yanatokea kwa mtu mmoja, asubuhi moja, langoni. Panga sura kwa nyakati za kuchagua: kutoka kiwandani, kukataa barua Cricklewood, kusubiri majaji, kugoma kula. Ndani ya kila sura eleza nani alichagua nini, kwa gharama gani, na alijieleza kwa maneno gani.

Kila aya iwe na angalau chanzo kimoja cha wakati ule. Tanbihi iwe na namba kamili ya faili. Hoja ya mwandishi mwingine itaje waziwazi kwamba ni yake, kisha sema unakubali wapi na unapinga wapi.

Kabla hujapeleka kwa msimamizi, mpe rasimu ndugu au rafiki asiyeijua historia ya Uingereza hata kidogo. Akimaliza, mwulize: nani alichagua nini, na kwa nini? Akikujibu kwa majina na sababu, ipeleke. Akikujibu kwamba wafanyakazi walinyanyaswa na matajiri, rudi hatua ya 3, andika swali upya, na anza kupunguza.